Kutua na Ndege Ndogo Juu ya Theluji: Mwongozo Kamili kwa Rubani

Theluji huficha mawe, magogo, mashimo, maji na nyufa. Hatari kuliko hayo yote, humficha rubani umbali uliobaki kati ya ndege na ardhi. Lami mbaya huonekana mbaya, lakini theluji mbaya inaweza kupendeza macho kuliko theluji nzuri. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu dakika zinazotangulia kutua. Ukigusa mahali pasipofaa, hakuna ustadi wa mikono utakaokuokoa, na ukichagua mahali panapofaa, kugusa kwenyewe si kugumu.

Namwandikia rubani mwenye leseni, anayetua vizuri kwenye nyasi na kwenye njia fupi, ambaye sasa anataka kwenda penye theluji. Marekani haina leseni ya pekee ya kuendesha ndege yenye skii, yaani vitelezi virefu bapa vya kutua juu ya theluji. Ulaya ina idhini ya kuruka milimani, ya magurudumu au ya skii, inayopatikana kwa mafunzo na mtihani. Hata pale ambapo sheria haidai, usitue kwenye theluji kwa mara ya kwanza bila mwalimu aliyekaa kando yako, tena mwalimu anayelijua eneo lile lile, kwa kuwa theluji ya ziwani si ya mlimani.

Ndege yako imesimama juu ya nini?

Magurudumu ya kawaida yanafaa tu kwenye njia iliyosafishwa, au iliyofunikwa na theluji nyembamba au iliyoshindiliwa ikawa ngumu. Theluji laini yenye kina huyashika magurudumu, ndege hupiga pua chini, na rafadha, yaani panga zinazozungushwa na injini, huharibika. Ndege yenye gurudumu la mkia inaweza hata kulala chali. Magurudumu makubwa yenye upepo mdogo husaidia kidogo, lakini hayaigeuzi ndege kuwa ya skii.

Skii zipo za namna mbili kuu. Skii tupu hazina gurudumu kabisa. Ni nyepesi, huelea vizuri juu ya theluji laini, ila haziwezi kutumika kwenye lami. Skii zenye gurudumu nazo zimegawanyika. Katika baadhi, gurudumu limechomoza kidogo chini ya skii muda wote. Katika nyingine, rubani huzishusha na kuzipandisha skii kwa pampu ya haidroli. Chaguo hufuata safari. Ndege zinazowapeleka wapanda mlima Denali, Alaska, huondoka kwenye uwanja wa Talkeetna na kutua kwenye mto wa barafu wa Kahiltna, penye kambi iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,200. Safari inayoanza kwenye lami na kuishia kwenye theluji inahitaji skii zenye gurudumu.

Kabla ya kila safari, piga magoti uzikague skii. Kila skii hushikwa na kebo za chuma mbele na nyuma zinazoizuia isipinduke, pamoja na mpira mnene au springi inayoivuta pua yake juu wakati ndege iko hewani. Tafuta nyuzi zilizokatika kwenye kebo, mpira uliochanika au uliokauka kwa baridi, na boliti zilizolegea. Mpira ukikatika angani, pua ya skii huinama, upepo huisukuma chini, na ndege yote huanza kuvutwa upande huo. Jambo la kwanza hapo ni kupunguza kasi taratibu. Halafu pitisha mkono chini ya skii. Barafu iliyoganda hapo, hata ikiwa ndogo kama kokoto, huongeza msuguano kwa namna itakayokushangaza.

Mahesabu kabla ya kuondoka

Swali la kwanza si kama unaweza kutua. Ni kama utaweza kuondoka. Theluji laini husimamisha ndege haraka, hivyo umbali wa kutua huweza kuwa mfupi sana, na hapo ndipo marubani hunaswa. Theluji ile ile iliyokusimamisha kwa hatua chache ndiyo itakayokuvuta ukitaka kuruka. Hesabu umbali wa kupaa kwanza, ukiwa na mzigo utakaokuwa nao wakati wa kuondoka, kwenye mwinuko wa mahali penyewe. Nafasi iliyopo isipotosha, safari imekwisha kabla hujawasha injini.

Kwa magurudumu kwenye njia yenye theluji, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo wazidishe umbali wa kutua na wa kupaa kwa 1.25 au zaidi kwa sababu ya theluji au ardhi laini, kisha waongeze kipimo cha usalama: 1.43 kwa kutua, 1.33 kwa kupaa. Vipimo hivi huzidishwa kimoja kwa kingine. Kitabu cha ndege kikisema mita 400 za kutua, unapata 400 mara 1.25 mara 1.43, yaani mita 715. Yale maneno "au zaidi" yana uzito wake, kwa maana theluji ya kifundoni haina kipimo kinachoaminika. Mimi siikubali hata kidogo kwa magurudumu.

Kama uwanja una huduma ya taarifa, soma hali ya njia. Tangu Novemba 2021 mfumo wa kimataifa hutumia namba kutoka 6 hadi 0. Sita ni njia kavu. Theluji iliyoshindiliwa katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi hupewa 4, na katika hali isiyo baridi kiasi hicho hupewa 3. Theluji iliyoyeyuka nusu, yenye kina kinachozidi milimita 3, hupewa 2. Barafu hupewa 1, na barafu yenye maji juu yake hupewa 0, maana yake hakuna breki. Angalia jinsi joto linavyoishusha namba. Theluji ya saa mbili asubuhi si ile ya saa nane mchana.

Baridi hukipotosha kipima mwinuko pia. Hewa ikiwa baridi kuliko kiwango cha kawaida, ndege huwa chini kuliko chombo kinavyosema. Kadirio linalotumika ni asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 chini ya kiwango, likihesabiwa kutoka kituo kilichotoa kipimo cha shinikizo. Kwa nyuzi 20 chini ya kiwango, futi 1,000 juu ya kituo kwa kweli ni takriban futi 920. Ukivuka safu ya milima kuelekea kwenye bonde la theluji, futi 80 si kitu cha kudharau.

Beba vitu vya kuishi navyo usiku mzima nje, hata kwa safari ya dakika 20. Sheria ya Alaska huwataka marubani, kuanzia Oktoba 15 hadi Aprili 1, wabebe jozi ya viatu vya theluji, mfuko wa kulalia, na blanketi la sufu kwa kila mtu anayezidi wanne ndegeni, juu ya vifaa vya kila siku. Ongeza koleo, kamba, ubao au miti ya kuegeshea skii, na kifuniko cha injini. Vaa nguo za kutembelea nje, usivae tu za kukalia ndani ya ndege yenye hita.

Tabia za theluji

Theluji kavu ya unga ni laini kuigusa, lakini hurushwa na rafadha na kugeuka wingu linalofunika kioo. Theluji iliyopigwa na upepo huwa ngumu na mara nyingi hubeba vizuri. Hatari yake ni matuta magumu yanayoitwa sastrugi, yaliyochongwa na upepo na kulazwa kufuata uelekeo wake. Tua sambamba na matuta, usiyakate. Kwa bahati nzuri upepo mkuu uliyachonga, kwa hiyo mara nyingi huko ndiko utakakotua hata kwa ajili ya upepo. Upepo ukiwa umegeuka, ni heri upepo kidogo wa ubavuni kuliko matuta ya ubavuni.

Theluji yenye gamba ni ya kuiogopa. Gamba hubeba ndege mwanzoni, kasi ikipungua na uzito ukishuka juu ya skii hupasuka, skii moja huzama, na ndege huzunguka. Theluji yenye maji, karibu na nyuzi sifuri, hushika skii kama gundi. Na baridi kali mno haileti utelezi mzuri kama watu wanavyodhani, kwani chembe hukauka na kukwaruza kama mchanga, na skii hazitelezi.

Kwenye ziwa au mto ulioganda, uliza barafu iliyo chini. Barafu angavu, nyeusi ukiitazama kutoka juu, ina nguvu takriban maradufu ya barafu nyeupe yenye viputo. Sentimita 10 za barafu angavu huchukuliwa kuwa kiasi cha kumbeba mtu anayetembea. Gari dogo linahitaji sentimita 20 hadi 30, na ndege ndogo iliyobeba mzigo inakaribia uzito wa gari. Usitue karibu na midomo ya mito, chemchemi, mahali ziwa linapokuwa jembamba, au penye mkondo, maana huko barafu huwa nyembamba majira yote.

Kisha kuna maji yasiyoonekana, adui mkubwa kuliko wote ziwani. Theluji nzito huikandamiza barafu, barafu hupasuka, na maji hupanda juu kupitia nyufa. Theluji iliyo juu huyafunika yasigande, kwa kuwa theluji ni blanketi. Baridi inaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri na bado pakawa na maji ya kifundo cha mguu chini ya uso mweupe ulio safi kabisa. Ndege ikisimama humo, tope la theluji hupanda juu ya skii, huganda, na ndege hubaki hapo mpaka ichimbuliwe.

Kusoma mahali kutoka angani

Pita juu kwanza, kwa mwinuko wa kutosha kuona sehemu yote: mzunguko wa kutulia, njia ya kutokea, waya, miti, na upande upepo unakotoka. Theluji inayopeperuka chini, moshi, na mabaki ya theluji nyuma ya vitu vitakuonyesha upepo. Amua hapa hapa utakwenda wapi ukighairi kutua, kwa jina: kushoto juu ya ghuba, au moja kwa moja kufuata bonde. Ukishindwa kupataja, hapajachaguliwa bado.

Pita chini mara ya pili, pembeni ya mstari unaotaka kutulia, jicho likitafuta kivuli. Doa jeusi laweza kuwa jiwe au maji. Mstari hafifu ulionyooka waweza kuwa waya, uzio au ufa. Upande wa ziwa uliokingwa na miti huwa na theluji laini yenye kina, na katikati penye upepo huwa ngumu. Pima urefu kwa saa: kwa kasi ya maili 60 kwa saa, kila sekunde ni takriban mita 27, ukikumbuka kwamba upepo huongeza au hupunguza.

Mara ya tatu, kwa ndege ya skii, ndiyo ya maana kuliko zote: gusa bila kutua. Shuka kama unayetua, ziache skii ziguse na zikimbie juu ya theluji huku nguvu ya injini ikibaki na mabawa yakiwa bado yanabeba sehemu kubwa ya uzito. Kokota mstari wote unaotarajia kuutumia, kisha inuka kabla kasi haijashuka chini ya ile unayoweza kuruka nayo. Utasikia kwa miguu na kiti kama theluji inavuta, inagonga au inateleza. Zunguka, rudi, utazame alama. Alama nyeupe ni habari njema. Alama ya kijivu, au inayozidi kuwa nyeusi kadiri unavyoitazama, ni maji. Ondoka, na usijishawishi kwamba ni kidogo. Zikiwa nyeupe, umejipatia pia njia iliyoshindiliwa kidogo na mistari miwili ya kukuonyesha kimo wakati wa kutua. Rudia mara mbili tatu juu ya mistari ile ile endapo theluji ni ya kina.

Mwanga

Mawingu yakifunika jua juu ya uso mweupe, vivuli hupotea. Mbali unaona vizuri, milima iko wazi, na bado hujui kama uko mita 3 au 30 juu ya theluji. Mbingu na ardhi zikiungana rangi, upeo nao hupotea. Novemba 28, 1979, ndege kubwa ya abiria ya Air New Zealand iligonga mteremko wa Mlima Erebus, Antaktika, marubani wake wakiwa kwenye hewa angavu chini ya mawingu, mbele yao ukiwa weupe uliofanana na uwanda wa barafu. Watu wote 257 waliokuwemo walikufa. Njia iliyowekwa kwenye kompyuta ya ndege ilikuwa imebadilishwa bila wao kujulishwa, na weupe ule uliwanyima nafasi ya kuugundua mlima kwa macho.

Kanuni yangu hapa haina mlango wa nyuma: pasipo kitu cheusi cha kutazama, hakuna kutua. Kitu hicho chaweza kuwa mstari wa miti, ukingo wa ziwa, alama za skii zako, au matawi na mifuko myeusi yenye uzito uliyoidondosha mwenyewe ukipita chini. Idondoshe kwa mstari, zaidi ya mmoja, kwa sababu doa moja halionyeshi mteremko. Tua kando ya kitu hicho, si kukielekea, ili kikae pembeni mwa jicho mpaka mwisho. Jua likiwepo, kivuli cha ndege yako ni msaada mzuri: kadiri unavyoshuka ndivyo kinavyokusogelea, na unapogusa, mnakutana.

Miwani ya rangi ya kaharabu husaidia kuona mikunjo ya theluji. Lakini haiumbi vivuli visivyokuwepo.

Kutua kwa skii mahali tambarare

1. Maliza ukaguzi wa kutua mapema, mbali na uwanja. Hakikisha skii ziko mahali pake kwa kuzitazama kwa macho kupitia dirishani, na pua zake zote mbili zimeinuka sawa. Waambie abiria wakaze mikanda.

2. Kaa kwenye mstari wa mwisho wa kushukia ulio mrefu kuliko kawaida, kwa kasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege yako, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) kama kinavyoelekeza. Kasi ya ziada kwenye theluji huishia kwenye mbio ndefu, kwa sababu skii hazina breki.

3. Kimo kikiwa wazi machoni, tua kama kwenye ardhi laini: inua pua taratibu, bakiza nguvu kidogo ya injini, gusa kwa kasi ndogo kabisa inayowezekana. Ndege ya gurudumu la mkia iguse skii zote tatu pamoja au mkia ukitangulia kidogo.

4. Kimo kikiwa na shaka, na nafasi ikiwa ndefu, usijaribu kukisia mahali pa kuinua pua. Ukiwa bado juu kiasi cha kuona vizuri, weka mkao wa kutua, pua imeinuka kidogo, na urekebishe nguvu ya injini mpaka ushuke futi 100 hadi 150 kwa dakika. Baki hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka theluji ikujie. Ni mbinu ile ile ya marubani wa ndege za majini wanapotua kwenye maji yaliyotulia kama kioo. Inakula umbali mrefu, na uvumilivu pia, maana mkono utatamani kuvuta.

5. Skii zikigusa, usikate nguvu ghafla. Endelea kuvuta usukani nyuma ili mkia ubaki chini. Theluji ikikushika, ongeza nguvu kidogo kuzuia pua isidumbukie. Ukiona maji au ukihisi mvuto mkubwa, na mbele pana nafasi, weka nguvu yote uondoke.

6. Kabla hujasimama, geuka. Zunguka kwa upana, rudi juu ya alama zako mwenyewe, na usimame juu ya theluji uliyokwisha kuishindilia, pua ikielekea utakakorukia. Ndege iliyosimama kwenye theluji mbichi ya kina huenda isisogee tena bila koleo.

Kugeuka kwenyewe kunahitaji nafasi. Bonyeza pedali mpaka mwisho, toa mlipuko mfupi wa nguvu ili upepo wa rafadha uusukume mkia, kisha punguza. Upepo wa nje ukiwa mkali, ndege itataka kutazama upepo kila mara, na kwenye barafu yenye utelezi hutaishinda. Usilazimishe.

Kwenye mto wa barafu mlimani

Mlimani unatua ukipanda mteremko na unapaa ukiushuka, karibu bila kujali upepo. Hermann Geiger wa Uswisi alilionyesha hilo mwaka 1952 alipotua na ndege ndogo ya Piper Super Cub kwenye mto wa barafu wa Kander, na kutokana na kazi yake uokoaji wa milimani kwa ndege ulikua. Miaka sita kabla yake, Novemba 1946, ndege mbili ndogo za Fieseler Storch zilizofungwa skii zilitua kwenye mto wa barafu wa Gauli na kuwatoa watu 12 walionusurika ajali ya ndege ya kijeshi ya Marekani.

Mteremko hudanganya. Ukiuelekea, utajiona uko juu mno, na utataka kushuka, kumbe tayari uko chini. Ruka kwanza usawa wa mahali pa kugusia, usome kipima mwinuko, na ukiamini chombo kuliko hisia, ukikumbuka kosa la baridi. Weka pia mahali pa uamuzi: sehemu ambayo ukiipita huwezi tena kugeuka ndani ya bonde wala kuupanda mlima kwa nguvu ya injini uliyonayo. Kabla ya hapo kughairi ni rahisi. Baada ya hapo unatua, hata vibaya.

Anza kuinua pua mapema, kwa kuwa pembe unayotakiwa kugeuza ni kubwa: kutoka kushuka hadi kulingana na mteremko unaopanda. Kuinua huko hula kasi haraka, kwa hiyo ongeza nguvu ya injini kwa wakati mmoja, la sivyo mabawa yataacha kubeba kabla hujagusa. Ukishagusa, weka nguvu ya kutosha kupanda mpaka mahali pa kusimama, na ugeuze ndege ikae kukata mteremko kabla haijatulia. Ikisimama kuelekea juu, itarudi nyuma. Ikielekea chini, itaondoka yenyewe.

Hewa baridi hutiririka kushuka juu ya mito ya barafu, hasa jioni. Ukitua kwa kupanda, inakuwa upepo wa mbele lakini yenye kukushusha, na ukipaa inakuwa upepo wa nyuma. Nyufa zilizofunikwa huonekana kama mikunjo au mabonde membamba yaliyonyooka, na huonekana vizuri zaidi jua likiwa chini. Asubuhi basi ina faida mbili, vivuli virefu na theluji ngumu. Alasiri madaraja ya theluji juu ya nyufa hulegea. Hata baada ya kutua salama, asishuke mtu kutembea kabla ya kuipima theluji kwa fimbo.

Kwa magurudumu kwenye njia yenye theluji

Vua vifuniko vya magurudumu kabla ya msimu, kwani theluji hujazana ndani, huganda na kuyafunga. Usiguse breki unapotua: weka miguu sehemu ya chini kabisa ya pedali, mbali na breki, ili tairi zisije zikagusa zikiwa zimefungwa. Gusa mwanzoni mwa njia, kwa mstari wa katikati, kwa uthabiti kiasi cha kutoelea. Weka ndege inyooke kwa usukani wa mkia ungali na kasi, acha mabawa na hewa vipunguze mwendo, halafu jaribu breki kidogo kidogo, ukiachia mara ndege inapoanza kuteleza. Upepo wa ubavuni unaouweza kwenye lami kavu sio utakaouweza hapa, maana tairi hazina mshiko wa kuuzuia mkia. Chunga pia kingo za theluji zilizosukumwa pembeni, ambazo bawa la chini huweza kuzigonga.

Kusimama, kuganda, kuondoka

Skii zikikimbia hupata joto kwa msuguano. Ukisimama tu, joto hilo huyeyusha theluji iliyo chini, kisha huganda na kuishika skii. Ndege ya kwanza kutua kwenye Ncha ya Kusini, Oktoba 31, 1956, aina ya R4D iliyoitwa Que Sera Sera, iligandishwa hivyo hivyo ndani ya chini ya saa moja. Injini zake mbili hazikutosha kuitoa, na ilibidi kuwasha roketi zote 15 zilizofungwa ubavuni. Wewe huna roketi, kwa hiyo zipandishe skii juu ya mbao, matawi au karatasi nzito ya plastiki. Pasipo hivyo, simama dakika chache, skii zipoe, halafu sogea mbele urefu wa skii moja kabla hazijashika. Skii zenye plastiki ngumu chini hazishikwi sana kama za chuma tupu.

Zima injini kabla mtu yeyote hajafungua mlango. Kwenye theluji watu huteleza, na rafadha iko mbele yao. Mwambie abiria akanyage skii kwanza na apime kina, kwani anaweza kuzama hadi kiunoni.

Wakati wa kuondoka, futa umande ulioganda na theluji yote kwenye mabawa na mkia, hata utando mwembamba. Ikiwa skii zimeshika, tikisa mkia kushoto na kulia kwa mikono injini ikiwa imezimwa, au chimba kandokando. Usimwache mtu akisukuma karibu na rafadha inayozunguka. Ndege ya skii husogea mara injini inapowaka, kwa hiyo ukaguzi wa mwisho uufanye kabla ya kuwasha au ukitembea. Pita kwenye njia yako mara moja au mbili kuishindilia, kisha paa juu ya alama hizo hizo. Weka alama ya kuacha: kama nusu ya njia imepita na hujafikia asilimia 70 ya kasi ya kuinukia, ondoa nguvu, rudi, shindilia zaidi au punguza mzigo na usafiri mara mbili.

Ukiwa hewani baada ya kupita kwenye maji au tope la theluji, usikunje skii au magurudumu papo hapo na kuyaacha. Pandisha na kushusha skii au magurudumu mara kadhaa ili barafu idondoke. Na unaporudi kwenye lami ukiwa na skii za haidroli, tamka kwa sauti unatua juu ya nini na skii ziko wapi, kisha chungulia dirishani, kushoto na kulia, uthibitishe kwamba magurudumu yote mawili yako chini ya skii.